Mita ya Manjano ya Luthuli Mbele ya Trekta la Bustani Lililogoma

Mita ya DT830, ile ndogo ya kupimia umeme, haihitaji kutambulishwa kwa mtu aliyewahi kupita Luthuli Avenue, Nairobi. Imening'inizwa kwenye kila kioo cha duka, ya manjano au nyeusi, waya zake mbili nyembamba zimekunjwa kando, na bei haifiki shilingi elfu moja. Wengi huinunua wapimie redio na chaja za simu. Sisi tumeipima kwa kazi moja tu: kusaka ugonjwa wa umeme kwenye trekta la bustani la zamani ambalo ukizungusha ufunguo linanyamaza, au linapiga "tak" moja kisha kimya.

Tunazungumzia matrekta madogo ya miaka ya 1960 na 1970: Cub Cadet ya International Harvester, John Deere 110, Wheel Horse na jamaa zao. Injini ni ya silinda moja, mara nyingi Kohler ya jamii ya K, na umeme ni wa volti 12. Hakuna kompyuta wala sensa. Waya zote unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mikono na miguu ukabakiwa na vidole. Hata hivyo, hayo ndiyo matrekta ambayo starta zake (mota za kuzungushia injini) hufunguliwa na kupelekwa Kirinyaga Road kusukwa upya, ilhali ugonjwa ulikuwa kwenye boliti moja yenye kutu.

Hukumu yetu ni kwamba mita hii inatosha, mradi uiulize volti. Ukiiuliza omu (kipimo cha upinzani) za kebo nene itakudanganya. Ukiiuliza ampea za starta itaungua mkononi.

Sababu ni ya hesabu. Kiwango chake cha chini kabisa cha omu ni 200, na tarakimu yake ya mwisho ni 0.1 ya omu. Waya zake zenyewe zikigusanishwa husoma 0.3 hadi 0.5. Sasa chukua kibano cha betri kilichoota ukungu mweupe kikaongeza omu 0.02 tu. Mita haiwezi kuiona. Kwake waya ni nzima, tena ikiwa na kengele ya kujulisha kwamba waya umeungana, italia kwa furaha. Lakini starta ikivuta ampea 100 kupitia hapo, omu 0.02 hula volti 2. Betri ya volti 12 inayoporomoka hadi 10.5 chini ya mzigo ikipoteza nyingine 2 njiani, starta inabaki na 8.5 na haizungushi kitu. Mita ileile kwenye kiwango cha volti 20 inaonyesha hadi 0.01. Basi wizi huo inauona vizuri sana, ila ni lazima uukute mwizi kazini, yaani starta iwe inapigwa.

Ukiwa bado kaunta

Angalia herufi ya mwisho. DT830B kwa kawaida haina kengele, DT830D inayo. Nunua yenye kengele, kwa sababu ukiwa umelala chini ya trekta huwezi kutazama kioo. Ila usiipe kengele hiyo heshima kubwa mno: hulia hata kwenye upinzani wa makumi ya omu, kwa hiyo inafaa kwa waya nyembamba za swichi na fyuzi tu.

Weka kwenye omu 200, gusanisha ncha, kisha pindapinda waya pale zinapoingia kwenye mpini wa plastiki. Namba ikiruka hadi "1" upande wa kushoto, waya imekatika ndani. Huo ndio udhaifu mkubwa wa mita hii, na muuzaji atakubadilishia waya papo hapo ukimwonyesha. Ukishafika nyumbani si rahisi.

Halafu betri ya volti 9 iliyo ndani. Mara nyingi ile inayokuja nayo ni dhaifu, na betri ya mita ikichoka mita haisomi chini, husoma juu. Betri ya trekta iliyobakiwa na nusu ya chaji, volti 12.2, itaonekana kama 12.7, nawe utaiacha betri mbovu na kwenda kufungua starta nzima. Nunua betri ya alkali papo hapo. Omba mita nyingine dukani, pimeni betri moja kwa zote mbili. Zikipishana zaidi ya 0.1 karibu na volti 12, achana na hiyo.

Matundu ni matatu: COM, VΩmA na 10A. Nyingi hazina fyuzi kwenye tundu la 10A. Waya nyekundu ikisahaulika humo kisha ukagusa vichwa viwili vya betri, umepiga shoti kamili. Waya zitayeyuka kabla hujaziachia. Kwa kazi yetu tundu hilo halina faida yoyote. Wapo wanaoliziba kwa utepe wa umeme siku ya kwanza, nasi tunawaunga mkono.

Ongeza vibano viwili vya meno ya mamba na waya ya milimita 1 ya mraba, mita 2. Waya za mita hii hazifiki hata mita moja, na betri iliyo chini ya kiti iko mbali na starta. Kurefusha hakuharibu kipimo cha volti kwa sababu mita hunywa umeme kidogo mno. Vibano hukuachia mkono wa kuzungusha ufunguo.

Kipimo kinachogawa njia

Kabla ya kupiga starta hata mara moja: gia iwe huru, kisu cha nyasi kimeondolewa kwenye mzunguko, na injini isiweze kuwaka. Kwenye matrekta yanayochukua moto wa plagi kutoka betri, chomoa waya mwembamba unaoingia chanya ya koili, ile inayozalisha moto wa plagi. Kwenye yale ya magineto, yanayojitengenezea moto bila betri, toa kofia ya plagi na uiunganishe na chuma cha injini. Usipige starta zaidi ya sekunde 10 mfululizo, na ukifika hapo ipumzishe dakika nzima.

Weka mita kwenye 20 ya volti za DC. Ncha ziguse vichwa vya risasi vya betri vyenyewe, siyo vibano. Betri iliyopumzika na kujaa husoma 12.6; robo tatu ni 12.4, nusu ni 12.2, ikisoma 12.0 ipelekwe kwenye chaja kwanza, na upimaji mwingine wote usubiri. Kama imetoka tu kwenye chaja, washa taa za mbele dakika moja ili chaji ya juujuu iishe, kisha upime.

Sasa zungusha ufunguo ukitazama kioo. Hapa ndipo mita hii inapolipa bei yake mara kumi, kwa sababu namba moja inakuambia uelekee wapi.

Ikiwa volti hazikutikisika, zikabaki 12.5 na trekta liko kimya, hakuna umeme unaotoka. Njia imekatika: fyuzi, swichi ya ufunguo, swichi ya kanyagio au ya kiti, koili ya solenoidi (swichi ya sumaku inayopeleka umeme mkubwa kwenye starta), au kibano kilicholegea kabisa. Starta bado haijahusika, usiiguse.

Ikiwa solenoidi inapiga "tak" na betri inabaki juu ya 12, solenoidi imepata amri lakini umeme mkubwa haupiti. Ama sahani yake ya ndani imeungua, ama kebo nene au athi (njia ya umeme kurudi hasi kupitia chuma) ina upinzani, ama kaboni za starta, zile zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, hazigusi.

Ikiwa volti zinashuka hadi 10 hivi na injini inazunguka pole pole, umeme unatoka. Tafuta unapotelea njiani. Ikiwa zinaporomoka chini ya 9.6, ama betri imechoka ama starta inavuta kupita kiasi. Kutenganisha hayo mawili, toa plagi na uzungushe injini kwa mkono. Ikizunguka laini, jaribu betri nyingine ya gari iliyo nzima. Volti zikiporomoka tena, mshukiwa ni starta.

Mita hii hubadilisha namba mara mbili au tatu tu kwa sekunde na haikumbuki namba ya chini iliyopita. Kwa hiyo usibonyeze na kuachia. Shikilia ufunguo sekunde tatu hadi tano namba itulie. Mita ya bei ya juu yenye kumbukumbu ingekamata mshuko wa kufumba na kufumbua. Hii haiwezi, na ni pungufu halisi unapotafuta waya unaokatika na kurudi.

Volti zinapopotelea

Upande wa chanya: ncha nyekundu kwenye kichwa cha risasi cha chanya, nyeusi kwenye boliti ya starta. Kabla ya kuzungusha ufunguo mita itaonyesha kama 12. Usishtuke, njia imefunguka kwenye solenoidi, na mita inaisoma betri kupitia ndani ya starta. Piga starta. Namba inapaswa kuanguka hadi 0.5 au chini yake. Ikibaki 1 au 2, sogeza ncha nyeusi hatua kwa hatua kuelekea betri: boliti ya solenoidi upande wa starta, boliti ya upande wa betri, mwisho wa kebo, kibano. Kipande kimoja cha kebo kisile zaidi ya 0.2; kiungo kimoja 0.1, solenoidi nzima 0.3. Pale namba inaporuka ndipo penye ugonjwa. Ukitumia kiwango cha 2000m, kioo kitaonyesha "1" hadi starta ishike kisha kisome milivolti. Ni kipimo kikali zaidi, lakini anza na 20.

Upande wa hasi husahaulika, na kwenye matrekta haya ndio wenye makosa mengi. Ncha moja kwenye kichwa cha hasi, nyingine kwenye chuma cha mwili wa starta mahali palipokwanguliwa rangi. Piga. Ikizidi 0.3, athi ni mbovu. Kebo ya hasi hufungwa kwenye fremu iliyopakwa rangi, chini, ambako majani mabichi yaliyokatwa na udongo mwekundu wa mtaa wa Karen hushikamana na kukaa na unyevu msimu mzima wa masika. Fungua boliti, kwangua hadi chuma king'ae, weka washa yenye meno, funga, ndipo upake grisi juu. Grisi hupakwa mwisho.

Kwenye Cub Cadet zilizokuja katikati ya miaka ya 1970 injini imekalia mpira ili kupunguza mtikisiko. Mpira haupitishi umeme, kwa hiyo injini inahitaji mkanda wake wa athi. Ukikatika, umeme wa starta hujitafutia njia nyingine, na njia iliyopo mara nyingi ni kebo ya choki au ya mafuta. Ukiona kebo ya choki inafuka moshi unapopiga starta, usibadilishe choki. Tafuta athi.

Pale mita inapodanganya, na balbu inapoijibu

Solenoidi imenyamaza. Unapima kwenye terminali yake ndogo, ufunguo ukiwa umezungushwa, unapata 12.3. Wengi huishia hapo na kununua solenoidi mpya. Tatizo ni kwamba mita hii haivuti umeme, kwa hiyo uzi mmoja uliobaki kwenye waya uliotafunwa na panya unatosha kuionyesha 12.3. Solenoidi yenyewe inataka ampea 3 hivi, na uzi mmoja hauwezi kuzibeba.

Dawa ni balbu ya indiketa ya gari ya wati 21, kishikizo chake, na vipande viwili vya waya. Inavuta karibu ampea 1.75. Chomoa waya kwenye terminali ndogo ya solenoidi, unganisha balbu kati ya waya huo na athi, zungusha ufunguo. Ikiwaka kwa nguvu, njia ni nzima na solenoidi ndiyo mbovu, au haina athi. Ikiwaka hafifu, pima volti balbu ikiwa bado imeunganishwa, ukirudi nyuma swichi baada ya swichi. Kila swichi isile zaidi ya 0.2. Ya kanyagio cha klachi hukaa karibu na matope, basi huwa ya kwanza kushukiwa. Ya ufunguo huchakaa ndani na huweza kupitisha volti 9 tu, ambazo haziivuti solenoidi sawasawa.

Balbu hii haina bei ya kutaja, na bila yake tungeishusha mita alama mbili. Zinunuliwe pamoja.

Mafundi wengi huunganisha boliti mbili kubwa za solenoidi kwa bisibisi. Ni kweli inaonyesha kama starta inazunguka. Lakini cheche hizo ziko karibu na betri inayotoa hidrojeni, na njia hiyo inaruka swichi zote za usalama: trekta lililoachwa kwenye gia litakupanda. Ni afadhali waya wa milimita 1.5 ya mraba kutoka chanya ya betri hadi terminali ndogo ya solenoidi, nawe ukiwa umesimama kando, kamwe si mbele ya gurudumu, kwa kuwa nao huruka swichi hizo.

Mita kama mlinzi unapokwenda kununua vipuri

Ichukue mfukoni unapokwenda Kirinyaga Road, ambako wazee bado wanapaita Grogan. Solenoidi za aina moja kwa macho si za kazi moja. Pima omu kati ya terminali ndogo na bati la kushikilia, au kati ya terminali mbili ndogo kama iko na nne. Ya starta husoma karibu 3 hadi 5. Toa zile omu za waya za mita. Ikisoma zaidi ya 10, ni ile ya kuwashwa muda mrefu, na sahani zake hazikutengenezwa kubeba ampea za starta. Itafanya kazi wiki mbili kisha igande. Ikigandia ndani, starta haitazimika hata ukiondoa ufunguo. Ndiyo maana spana ya kufungua hasi ya betri ikae karibu kila unapojaribu solenoidi mpya.

Yenye terminali tatu hupata athi kupitia bati lake, kwa hiyo ikifungwa juu ya rangi haitapiga hata "tak". Yenye nne inaweza kuhitaji waya wake wa athi. Unapokaza nati kubwa shika nati ya ndani kwa spana ya pili, la sivyo boliti itazunguka na kupotosha sahani ndani. Solenoidi nyingi mpya huuawa hapo hapo, siku ya kufungwa.

Swichi ya ufunguo ina mtego mbaya zaidi. Ipo ya magineto na ipo ya koili ya betri, na sura zao ni moja. Ya magineto ikiwa imezimwa huunganisha M na G ili kuua moto. Kengele ya mita italia ukigusa hizo mbili. Ya betri hupeleka volti 12 kutoka B hadi I ufunguo ukiwa kwenye nafasi ya injini kutembea. Ukiweka ya betri kwenye injini ya magineto, utapeleka volti 12 kwenye koili isiyozitaka na kuiharibu. Sekunde kumi za kengele kaunta huokoa koili ambayo kuipata Nairobi ni kazi.

Kuhusu betri, matrekta haya yalikuja na saizi ya U1. Inayokaribia zaidi hapa ni NS40: urefu milimita 187 kwa upana 127, hukaa kwenye sahani bila taabu. Lakini kimo chake pamoja na vichwa ni 227, wakati U1 ni kama 186. Pima nafasi kati ya vichwa na kiti au boneti kabla ya kulipa. Kiti cha chuma kikibonyea kikagusa chanya, utaona moto. Vichwa pia ni tofauti. U1 ina vibapa vyenye tundu la boliti, NS40 ina vichwa vya duara, tena vingine vyembamba, na kibano cha gari kubwa hakitavikamata hata ukikaza hadi mwisho. Kujaza pengo kwa kipande cha bati ni kujitafutia wizi wa volti uleule uliotoka kuusaka.

Kebo iwe milimita 16 za mraba kwenda juu, ya shaba. Mita moja yake hula chini ya 0.2 kwenye ampea 150. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mweupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, rudisha. Pete ya mwisho wa kebo ibanwe kwa mashine. Kugonga kwa nyundo huacha hewa ndani, na hewa hukaribisha kutu.

Starta ambayo pia ni jenereta

Cub Cadet na Wheel Horse nyingi za enzi hizo zina kifaa kimoja kinachofanya kazi mbili: kinapiga injini kwa mkanda, kisha injini ikiwaka kinageuka jenereta. Hapa vipimo vya volti huweza kutoka safi kabisa na injini isizunguke, kwa sababu mkanda unateleza. Ukiona puli inazunguka na injini imesimama, kaza au badilisha mkanda kabla ya kulaumu umeme.

Kama volti zinafika kwenye boliti ya kifaa zikiwa juu ya 10 na puli haigeuki, hapo sasa ndipo safari ya kwa fundi wa kusuka ni halali. Toa ukanda wa kifuniko utazame kaboni kwanza. Zikiwa fupi hadi springi inakaribia kugusa kishikio, au zimekwama kwa vumbi, badilisha hizo tu. Fundi asikukatie kaboni za starta ya gari kwa msumeno: zile zina shaba nyingi kwa sababu hufanya kazi sekunde chache kwa siku, ilhali mashine hii huzunguka kila dakika injini inapowaka, na zitaila kolekta, ile pete ya shaba ambayo kaboni huigusa. Mwambie alete kaboni za dainamo za upana uleule, na akurudishie za zamani mlinganishe.

Ikifungwa tena, inahitaji kukumbushwa mwelekeo wake wa sumaku kabla ya kuwasha. Kwenye regyuleta (kidhibiti cha kuchaji) ya Delco-Remy gusanisha BAT na GEN kwa kipande cha waya kwa kufumba na kufumbua, cheche moja tu. Usiporuhusu cheche hiyo, jenereta inaweza kuchaji kinyume na kuunguza pointi za regyuleta. Kisha rudisha waya wa koili, washa injini, upime betri: injini ikiwa kwenye kasi ya kazi inatakiwa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Mita hii itayumba hapo. Moto wa plagi unaisumbua, namba zinaruka kama panzi. Weka waya zake mbali na waya wa plagi, na kama bado, tumia plagi yenye risista. Tumekuta hili likiwakera watu kuliko kasoro nyingine yote, nao hufikiri regyuleta imekufa.

Kitu kimoja huvaa sura ya ugonjwa wa umeme na si umeme. Kohler nyingi za K zina kifaa kinachofungua vali kidogo kwenye mwendo mdogo ili kupunguza mgandamizo wakati wa kupiga. Kikiharibika, au nafasi ya vali ikizidi kipimo, injini inapanda, inagota, inarudi nyuma. Toa plagi: ikizunguka vizuri sana bila plagi na volti zote ni safi, funga mita na ufungue kifuniko cha vali.

Na ikizunguka vizuri bila kuwaka, mita ina jibu moja la mwisho. Kwa trekta la koili ya betri, ufunguo ukiwa kwenye nafasi ya injini kutembea, ncha kwenye hasi ya koili na athi, zungusha injini kwa mkono. Pointi za moto (swichi ndogo inayokata na kuunga umeme wa koili) zikifunga, usomaji uwe karibu sufuri, chini ya 0.2; zikifunguka uwe karibu 12. Ukibaki 12 daima, pointi ni chafu au hazifungi. Ukibaki sufuri, hazifunguki au kondensa imepiga shoti. Nafasi ya pointi ni milimita 0.5. Usiache ufunguo umewashwa pointi zikiwa zimefunga, koili itachemka.

Alama: 8 kwa 10 ikiwa na balbu, vibano na betri nzuri ya ndani, kwa volti 12 za trekta. Kwa stima ya nyumba hatuipi alama. Waya zake na nafasi zake za ndani si za kuaminiwa kwenye volti 240. Ikimaliza kazi, itoe ile betri ya volti 9 kabla ya kuiweka stoo, maana nyingi hazijizimi zenyewe, na betri ikivuja huozesha vibapa vyake vya bati.